Shikamoo Yangu Iliyopotelea Darajani

Kazimili Bukuru,
Dereva wa Malori ya Chakula,
Murukulazo, Ngara,
Mkoa wa Kagera.

27 Machi 2003

Kwa Mkubwa wa Kiwanda,
Kiwanda cha Mchezo wa Magari ya Kwenye Televisheni,
Ng'ambo.

YAH: KUPINGA MATOKEO YA MASHINDANO NA KUOMBA MCHEZO UREKEBISHWE UFANANE NA BARABARA

Mkubwa wangu, shikamoo. Na ninyi wengine wote mlio humo kiwandani, mafundi, makarani, mpishi wa chai na mlinzi, shikamooni.

Msishangae kuamkiwa hivyo na mtu wa miaka hamsini na sita. Najua wamo miongoni mwenu vijana ambao ningeweza kuwazaa. Shikamoo hii sikuitoa kwa hiari yangu. Nimeitoa kwa kufuata hesabu, na hesabu yenyewe nitaieleza nikifika kwenye lalamiko la tano. Naomba mvumilie mpaka hapo.

Jina la kiwanda chenu sikulipata. CD ya mchezo wenu ilinunuliwa Kahama bila jalada, na maandishi yaliyo juu yake hata mwalimu wetu ameshindwa kuyasoma. Barua hii anaibeba fundi wa mabomba ya maji wa kambini, ambaye anakwenda likizo kwao, na ameniahidi kwamba atawatafuta. Sijui kama kwao na kwenu ni jirani, lakini nyote ni wa ng'ambo, mtafahamiana tu.

Mimi ni dereva. Ningeweza kuishia hapo, maana huku Ngara ukimtaja Kazimili hakuna anayekuuliza anafanya kazi gani. Nimeshika usukani miaka ishirini na saba. Zamani nilikuwa napeleka saruji Kigali kwa kupitia Rusumo. Tangu wakimbizi waje napeleka mahindi, maharage na mafuta ya kula kambini. Nimelala chini ya lori kwenye matope ya Nyakahura mara nyingi kuliko nilivyolala kwangu, na hilo mke wangu Rozalia atawathibitishia bila kuombwa. Madereva vijana wanaoletwa kutoka Mwanza walikuwa wakija kwangu kwanza kabla hawajaenda kwa mkuu wa magari, wananiuliza mteremko gani ushukwe kwa gia ipi. Nasema walikuwa. Sasa hawaji, na chanzo ni ninyi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi huu lori langu lilikatika shafti ya propela nikiwa kambini Lukole, na kipuri kikawa kinasubiriwa kutoka mbali. Dereva asiye na gari hana pa kukaa, nikawa nazunguka sokoni. Humo sokoni kuna banda la mkimbizi mmoja anayeitwa Nkeshimana, mtu wa Muyinga, Burundi, mwenye miaka thelathini na mmoja. Kwao alikuwa akiendesha Hiace ya abiria. Kambini hana gari, ana televisheni, jenereta na mchezo wenu. Ni kijana mwenye adabu. Kila siku alikuwa akiniamkia shikamoo, nami namwitikia marahaba, tunaongea kidogo, yeye kwa Kirundi na mimi kwa Kihangaza, lugha yetu ya Ngara iliyo ndugu na yake, tunaelewana bila mkalimani.

Siku hiyo, Jumapili baada ya misa, mchezo ulipowashwa yakatokea maandishi ya Kiingereza. Mwalimu Ineza, anayefundisha shule ya kambini, akatusomea: "Uendeshaji halisi. Gari linatii sawasawa na gari la kweli."

Nilicheka. Nikasema, tena kwa sauti ambayo leo naijutia, kwamba kama ni sawasawa na kweli basi humo bandani hakuna wa kunipita, labda anipite akiwa amepanda juu ya magunia yangu. Nkeshimana akauliza kwa upole, "Muzee, tuweke nini?" Ilikuwa Kwaresima, na katekista Ildefonce alikuwa amekaa benchi la mbele, kwa maneno yake mwenyewe, ili kulinda maadili. Akasema pesa hapana, hata soda hapana. Wakajadiliana, ikakubaliwa kwamba atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila wanapokutana mpaka Krismasi.

Nilikubali upesi. Shikamoo yake nilikuwa naipata bure kila siku, nikaona sina cha kupoteza. Sikukaa nikafikiri kwamba ya kwangu nayo inaweza kutoka.

Tuliambiwa tuzunguke mara tano. Nkeshimana alimaliza ya tano nikiwa katikati ya ya tatu. Baada ya kutafakari kwa wiki mbili na nusu, ninayo malalamiko yafuatayo:

1. Kuhusu kulitengeneza gari kabla ya safari. Mmeweka ukurasa ambapo dereva anabonyeza tu, na gari linabadilika springi, matairi, gia na breki. Kwa hili nawapongeza. Mimi kurekebisha springi hunichukua siku nzima, jeki mbili na maneno ambayo katekista hapaswi kuyasikia. Nilitengeneza gari langu kama anavyotengeneza mtu mwenye akili. Nilipandisha springi mpaka mwisho ili tumbo lisikwaruze mawe. Nilichagua gia za kupandia mlima. Nkeshimana yeye alilishusha lake mpaka likawa linakaribia kulala chini, nami nikamwonea huruma. Kisha nikamwuliza Mwalimu Ineza magunia yanapakiwa wapi, kwa sababu gari tupu hurukaruka, na hilo halihitaji shule. Akatafuta, akasema pa kupakia hapapo. Papo pa kupunguza uzito! Nkeshimana akang'oa viti vya nyuma, akang'oa zulia, akang'oa na kiti cha pembeni mwa dereva. Nauliza kiwanda: utingo akae wapi? Utingo wangu Elick, mtu mwenye wajukuu, ambaye tumesafiri pamoja miaka kumi na minane, alipoona kiti kile kinatoka aliinuka akaondoka bandani bila kuaga. Hajarudi humo mpaka leo.

Kwenye kona ya kwanza gari langu lilianguka ubavu. Nkeshimana anasema ni halali, gari refu likikata kona kwa kasi huanguka. Nakubali, huanguka. Silalamiki kwamba lilianguka. Nalalamika kwamba barabara yenu yote haina hata shimo moja la kunipa haki.

2. Kuhusu breki. Mmemwachia dereva agawe mwenyewe, ngapi ziende mbele na ngapi nyuma. Mtu wa tela hujua kwamba kichwa kikishika breki kabla ya tela, tela litakuja kukutembelea ndani. Nikazipeleka zote nyuma. Kwenye kona ya pili gari likageuka likatazama lilikotoka. Naomba ieleweke kwamba kuanzia hapo niliendesha vizuri sana, bila kosa, kwa muda usiopungua dakika moja. Nilikuwa narudi tu. Hakuna aliyeniambia, walikuwa wanacheka.

3. Honi hakuna. Nilifika kona isiyoonekana mbele, nikabonyeza kila kitu kilichokuwa kwenye kile kidude cha kushika kwa mikono miwili wanachokiita pedi. Taa zikawaka, kioo kikaonyesha nyuma, gari likaingia gia ya kurudi, lakini honi haikulia. Kiwanda kizima, watu wenye elimu zenu, mmesahau honi. Vilevile rejeta yenu haichemki. Baada ya kilima kirefu nilisimama kidogo kuipumzisha injini kama ninavyofanya kila siku, na mwenzangu akapita na injini yake nyekundu kwa moto, wala haikumfanya kitu.

4. Kuhusu daraja. Hili ndilo lililoniua.

Katikati ya mzunguko wenu kuna daraja. Sasa naomba niwaeleze jambo ambalo huenda huko kwenu halipo. Hapa kwetu magari hupita kushoto. Rwanda na Burundi hupita kulia. Kati yetu na Rwanda kuna mto Kagera, na juu ya mto kuna daraja la Rusumo. Ukifika pale unasimama, unatoa karatasi, geti linainuliwa, unavuka, na ukishavuka unahamia upande mwingine. Usipohama utakutana uso kwa uso na lori la mwenzio, nanyi nyote mtaandikwa gazetini. Nimelivuka daraja lile nikiwa na saruji na nikiwa na mahindi, na mwaka ule wa 1994 nilikaa siku mbili upande wa huku nimezima injini kwa sababu daraja lote lilikuwa watu. Kwa hiyo kwangu kuhama upande darajani si jambo la kufikiri. Mikono inahama yenyewe.

Basi nikalifikia daraja lenu. Nikasimama. Nikaiacha pedi, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta karatasi za gari. Nawaambia ukweli mtupu, niliingiza mkono. Banda likalipuka kwa kicheko, mama mmoja muuza nyanya akaingia kuuliza nani amefariki. Nikaikamata tena pedi, nikavuka, nikahamia kulia, na mara baada ya daraja kumbe kuna kona ya kulia yenye ukuta. Nikauvaa ukuta. Mzunguko wa pili nikafika darajani tena, na kwa hesabu ya mikono yangu sasa nilikuwa natoka Rwanda narudi nyumbani, nikahamia kushoto, nikawavaa watazamaji mliowachora pale na miavuli yao. Wapeni pole. Nkeshimana kwao ni kulia miaka yote, na kwa kuwa hakuwahi kuendesha upande wetu, daraja kwake ni daraja tu. Huo ni upendeleo wa wazi.

5. Kuhusu shikamoo. Tangu siku ile, kila nikipita sokoni nasimama mbele ya mtu niliyekuwa naendesha lori yeye akiwa bado hajaanza shule, namwambia shikamoo. Siku za kwanza aliona haya, akawa anaitikia chini chini akitazama viatu vyake. Wauza nyanya wakamkataza. Wakasema mapatano ni mapatano, aitikie mpaka wao wasikie. Sasa anaitikia vizuri, na siku moja aliongeza, "Marahaba, wajukuu hawajambo?" Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kunitangulia. Rozalia aliniwekea chakula, akasema, "Kazimili, miaka ishirini na saba, umeshindwa na gali lisilo na dizeli." Nikala.

Inaniuma, ndugu zangu. Siwezi kuficha. Madereva wale vijana wakiniona wanasalimia kwa kuingiza mkono mfukoni.

Sasa hesabu niliyoahidi. Kama Nkeshimana amekuwa mkubwa wangu kwa sababu ya mchezo, basi ninyi mliomtengenezea mchezo ni wakubwa wake. Mkubwa wa mkubwa wangu ni babu yangu. Kwa hiyo kiwanda kizima mmekuwa babu na bibi zangu, akiwemo anayefagia. Naomba mnitumie orodha yenu yenye majina, nijue nadaiwa shikamoo ngapi, na kama mna zamu za mchana na za usiku mniambie nizigawe.

6. Kwa kuwa mmeandika wenyewe kwamba ni sawasawa na kweli, naomba iwe sawasawa na kweli. Nataka muweke mvua ya Aprili na matope yake. Muweke ng'ombe wenye pembe ndefu wanaolala katikati ya barabara na kukutazama. Muweke mizani, na mtu wa mizani aliyekwenda kula. Muweke msitu wa Biharamulo, ambapo gari halipiti peke yake, linasubiri mpaka magari yawe mengi na polisi wapande. Darajani muweke geti na askari wa kukagua karatasi.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa, ambayo nimeigundua mwenyewe bila msaada. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Hiyo ni sheria, si maneno yangu. Mwalimu Ineza amenisomea kwamba mzunguko wenu mmoja ni kilomita sita. Nkeshimana hana kibali. Kwa hiyo mkiweka geti kwenye kilomita ya nne, kama ilivyo kweli, Nkeshimana atasimamishwa kabla hajamaliza hata mzunguko wa kwanza, na mimi mwenye leseni ya daraja C na kitambulisho nitapita, hata kama nimeanguka ubavu, hata kama narudi nyuma. Kwa uhalisi huo mashindano yale niliyashinda mimi tangu kabla jenereta haijawashwa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Pasaka. Matokeo yafutwe kwa barua yenye muhuri, na nakala ibandikwe sokoni. Ije CD mpya yenye geti, honi na kiti cha utingo. Mje na mtu wa kuipima barabara ya kutoka Rusumo hadi Biharamulo, shimo kwa shimo. Chakula na malazi atapata kwangu, ila aje na viatu vya mpira. Mwisho, shikamoo zangu zote nilizokwisha kutoa, ambazo kwa daftari la Mwalimu Ineza ni thelathini na tatu, zirudishwe kwa kuamkiwa mimi mara thelathini na tatu mahali palepale, mbele ya wauza nyanya walewale.

Naamini kwamba watu walioweza kuweka mvumo wa injini ndani ya sahani nyembamba kama ile hawatashindwa kuweka na haki.

Nisalimieni familia zenu, wazee wenu wa kweli, na majirani wote wa kiwanda. Rozalia anawasalimu, tena anasema amewapenda. Elick hawasalimu. Mungu awalinde barabarani, kwa upande wowote mnaopitia.

Ni mimi, kwa masikitiko na heshima,

Kazimili Bukuru
Dereva

Nyongeza: Nilipomaliza kuinakili barua hii kwa wino safi, niliona si haki kumshitaki mtu bila yeye kujua. Mchana huu nikaenda bandani kumsomea Nkeshimana. Kwenye breki alicheka mpaka akashika nguzo. Kwenye daraja alinisimamisha akaniomba nirudie pale pa mfukoni, nikarudia. Lalamiko la sita alilisikiliza akiwa amekaa, na nilipofika kwenye kibali hakucheka. Nikadhani hajaelewa Kiswahili changu, nikamweleza kwa Kihangaza. Alikuwa ameelewa. Akasema, "Muzee, geti riko pale chini barabarani, nariona kila siku. Humo ndani usiriweke."

Ana miaka saba hapa. Mtu aliyekuwa akienda Bujumbura na kurudi na abiria kumi na wanane, kwa miaka saba hajapita ile kilomita. Mimi nimempelekea mahindi muda wote huo, nikipita kwenye geti lile nikipunga mkono, na nilipoikumbuka sheria hiyo nilifurahi kwamba nimepata pa kumshindia. Naona aibu, na ninaiandika kwa mkono wangu ili msiambiwe na mtu mwingine.

Sina karatasi nyingine ya kunakili upya, na fundi wa maji ameshawasha gari lake, ananisubiri. Kwa hiyo someni malalamiko yote sita kwa makini, kisha msitekeleze hata moja. Mtu wa kupima barabara asije. Shikamoo nitaendelea kuitoa mpaka Krismasi, nayo nitaitoa kwa sauti.

Baada ya kumsomea, aliwasha jenereta akanipa pedi moja, yeye akachukua nyingine. Nilianguka ubavu kama kawaida, nikabaki namtazama. Alifika kilomita ya nne. Hakupunguza mwendo, akapita.